Waligoma Wasisomeshwe kwa Kijerumani

Mgomo wa wanafunzi sisi Wakenya tunaujua vizuri. Wasee hugoma juu ya maharagwe yenye wadudu, juu ya karo, juu ya maji kukauka hosteli, hata juu ya mtihani wa moko. Lakini kuna mgomo mmoja wa mwaka wa 1913 ambao nikiusoma nashindwa kuuacha, na haukuhusu chakula wala pesa. Ulikuwa Palestina, enzi hiyo bado iko chini ya Waturuki wa Uthmaniya. Kule Haifa kulikuwa kunajengwa chuo kipya cha uhandisi, na wenye chuo walikuwa wameamua kwamba sayansi itafundishwa kwa Kijerumani. Wanafunzi wa shule za Kiyahudi wakatoka darasani. Walimu wao wakatoka pia. Wote walikuwa wanadai kitu kimoja: tufundisheni kwa Kiebrania.

Sasa skiza hapa kwanza. Wakati huo Kiebrania hakikuwa na vitabu vya fizikia vya kutosha chuo kikuu. Maneno mengi ya maabara hayakuwepo. Na miaka 40 kabla ya mgomo huo, hapakuwa na mtoto aliyekuwa akikua nyumbani akiongea Kiebrania kama lugha ya kwanza. Yaani watu waligomea lugha ambayo ndio kwanza ilikuwa inatambaa. Nataka tuongee kuhusu hao watu, walifikaje hapo, walilipa bei gani, na kwa nini hii stori inatuhusu sisi ambao tumesoma Kiswahili miaka 12 na bado tunajibu maswali ya kemia kwa Kiingereza.

Tuanze na hili jambo la kusema Kiebrania “kilikufa”. Ni ukweli nusu. Karibu mwaka wa 200 baada ya Kristo kilikuwa kimeacha kuwa lugha ya nyumbani na sokoni. Lakini hakikuzikwa. Kwa miaka zaidi ya 1,600 Wayahudi waliendelea kusali kwacho, kuandika mashairi, vitabu vya sheria, hata barua za biashara. Myahudi wa Yemen na Myahudi wa Poland wangeweza kuandikiana na wakaelewana. Ila jioni kila mmoja akirudi kwake kuomba chumvi, huyu aliomba kwa Kiarabu na yule kwa Kiyidi. Kiebrania kilikuwa cha kitabuni, kama nguo ya Krismasi: safi, ya heshima, na haivaliwi jikoni.

Vyuo vikuu vilikichukua hivyo hivyo. Harvard, chuo kilichoanzishwa mwaka wa 1636, kilifanya Kiebrania kuwa somo la lazima tangu siku zake za mwanzo, kwa sababu wale Wapuritani walitaka wahubiri wao wasome Agano la Kale bila mkalimani. Mwaka wa 1722 kikamwajiri Judah Monis kufundisha. Monis alikuwa amezaliwa Myahudi, na kabla ya kupewa kazi alibatizwa mwaka huo huo, kwa sababu chuo hakikukubali mwalimu asiye Mkristo. Kabla ya kitabu chake cha sarufi kuchapishwa Boston mwaka wa 1735, wanafunzi walinakili masomo yake kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa. Usishangae kusikia kwamba wengi hawakukipenda hicho kipindi. Nembo ya Yale mpaka leo ina maneno ya Kiebrania, na bado Kiebrania hakikutoka kwenye karatasi kikaenda mtaani. Kilikuwa somo la kupita.

Nina binamu yangu anayesoma theolojia hapa Nairobi, na Kiebrania kwao ni lazima pia. Herufi 22, unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, na kwa kawaida irabu haziandikwi. Alikuwa ananilalamikia vile ni noma, mpaka siku moja nikachungulia daftari lake nikaona kitu kikanishtua. Kiebrania hujenga maneno kutoka kwa mizizi ya konsonanti tatu. Chukua K-T-V, mzizi wa kuandika. Katav ni “aliandika”. Mikhtav ni barua. Ktovet ni anwani. Sasa jiulize, hiyo imekukumbusha nini? Kitabu, katiba, katibu, maktaba, mkataba. Hayo yote tumeyapata kwa Kiarabu, kwenye mzizi wa K-T-B, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu wa damu. Kwa hivyo mtoto wa Kayole akihesabu tayari ana vipande vya huo ukoo mdomoni: saba ni sheva, tisa ni tesha, elfu ni elef. Hesabu ni kheshbon. Nafsi ni nefesh, roho ni ruakh, malaika ni malakh. Kiswahili ni Kibantu kwa mifupa, hilo halina mjadala, lakini kwa hiyo njia ya Waarabu tuna majirani ambao hatujawahi kuwasalimia.

Nikamwambia binamu, unaona, wewe huanzi kwa sifuri. Akacheka, akasema mtihani hautajali hayo. Na hapo ndio tunarudi kwa swali langu: lugha inatokaje kuwa mtihani ikawa maisha?

Jina ambalo utalikuta kila mahali ni Eliezer Ben-Yehuda. Alizaliwa mwaka wa 1858 kwenye himaya ya Urusi, sehemu ambayo leo ni Belarus, na jina lake la kwanza lilikuwa Perlman. Mwaka wa 1881 akahamia Palestina na mke wake Devora, wakakubaliana kwamba nyumbani kwao ni Kiebrania tu. Mwaka wa 1882 wakapata mtoto wa kiume, ambaye mara nyingi hutajwa kama mtoto wa kwanza wa enzi mpya kulelewa kwa Kiebrania. Fikiria huyo mtoto. Hana rafiki wa kucheza naye kwa lugha yake. Na baba yake hana hata neno la mwanasesere. Ben-Yehuda ikabidi alitunge: buba. Akatunga milon, yaani kamusi. Akatunga iton, yaani gazeti, na gazeti lenyewe alikuwa nalo tangu 1884. Alianza kamusi kubwa ambayo hakuimaliza; alifariki mwaka wa 1922, na juzuu za mwisho zilitoka mwaka wa 1959. Zote pamoja ni 17.

Ila sio kila alichotunga watu walikinunua. Simu aliipendekezea sakh-rakhok, kitu kama “mazungumzo ya mbali”, na watu wakasema telefon wakaendelea na maisha. Nyanya alitaka iitwe badura, neno lenye asili ya Kiarabu. Jina alilolikataa, agvaniya, ndilo lililoshinda. Hii inanifurahisha kwa sababu tumeiona hapa kwetu. Vitabu vilituletea tarakilishi, sisi tukasema kompyuta. Vikatuletea rununu, tukabaki na simu. Lakini runinga ilikubalika, na mtandao umeingia mpaka kwa nyanya yangu kijijini. Wataalamu wanapendekeza, mtaa unapiga kura.

Na hapa naomba tuache kumpa mtu mmoja sifa zote. Ukiangalia tarehe vizuri, kazi nzito ilifanywa na walimu wa shule za msingi. Mwaka wa 1886 kijiji cha Rishon LeZion kilifungua shule iliyofundisha masomo kwa Kiebrania. Mwaka wa 1905 Jaffa ikapata shule ya sekondari ya Kiebrania, ile iliyokuja kuitwa Gymnasia Herzliya. Walimu walikuwa wanafundisha hesabu na sayansi bila vitabu, wanatunga neno Jumatatu asubuhi na kulitumia Jumatatu mchana, na mara nyingine shule ya jirani ilikuwa na neno lingine kwa kitu hicho hicho. Kulikuwa na kamati ya lugha tangu 1890, lakini mwalimu aliyesimama mbele ya watoto 30 hangengoja kamati ikutane.

Kwa hivyo kufika 1913 kulikuwa na vijana ambao kwao Kiebrania hakikuwa ndoto ya wazee. Kilikuwa lugha waliyotukania wenzao uwanjani. Hao ndio walioambiwa kwamba wakitaka kuwa wahandisi wabadilishe lugha.

Chuo chenyewe kilikuwa cha shirika la Wayahudi wa Ujerumani lililojulikana kule kama Ezra, likiongozwa na Paul Nathan, na pesa zilitoka pia kwa familia ya Wissotzky, matajiri wa chai wa Moscow, na kwa wafadhili wa Marekani. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka wa 1912. Oktoba 1913 bodi ikaamua: sayansi kwa Kijerumani. Na tuwe wakweli, hoja yao haikuwa ya kijinga. Kijerumani ndio kilikuwa lugha ya sayansi ya dunia wakati huo. Vitabu viko, majarida yako, kazi ziko. Mhandisi asiyejua Kijerumani atasoma nini? Ataajiriwa na nani? Ukibadilisha Kijerumani uweke Kiingereza, hiyo ni sauti ya mjomba wako yeyote Mkenya akikuambia wacha mchezo na Kiswahili.

Jibu lilikuja kwa miguu. Wanafunzi wa shule za Ezra waligoma, walimu wakajiuzulu, na shule mbadala za Kiebrania zikafunguliwa haraka haraka. David Yellin, aliyekuwa mwalimu mkubwa ndani ya mfumo huo huo wa Ezra, alitoka akaanzisha chuo cha ualimu cha Kiebrania Yerusalemu mwaka huo huo, na chuo hicho kipo mpaka leo kwa jina lake. Ndani ya bodi nako watu kadhaa walijiuzulu, mmoja wao akiwa mwandishi Ahad Ha'am. Februari 1914 bodi ikalegeza msimamo na Kiebrania kikapewa nafasi. Halafu Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja, jengo likakaa bila wanafunzi wake, na masomo yakaanza mwisho wa mwaka wa 1924, kwa Kiebrania. Chuo hicho ndicho Technion. Mwaka wa 2004 maprofesa wake wawili, Avram Hershko na Aaron Ciechanover, walipata Nobeli ya kemia, na Dan Shechtman akaipata mwaka wa 2011. Ndiyo, utafiti wao wanauchapisha kwa Kiingereza ili dunia isome. Kufundisha kwa lugha yako hakujawazuia kujua ya wengine.

Na usidhani mambo yalikuwa laini baada ya hapo. Februari 1923 Albert Einstein alifika Yerusalemu kutoa mhadhara kwenye mlima wa Scopus, mahali ambapo Chuo Kikuu cha Kiebrania kingefunguliwa rasmi tarehe 1 Aprili 1925. Alianza kwa maneno machache ya Kiebrania, halafu akaendelea kwa Kifaransa. Mtu mwenye akili nyingi kuliko wote chumbani hakuweza kueleza nadharia yake kwa lugha ya chuo alichokuja kukisaidia. Hakuna aliyesema basi tufunge chuo. Walijua maneno yatakuja kwa kufundisha, kwa sababu hivyo ndivyo yalivyokuja kwa watoto wa Rishon LeZion.

Kuna sehemu ya Kenya ndani ya hii stori, na watu wengi wa umri wetu hawaijui. Mwaka wa 1903 Waingereza, kupitia Joseph Chamberlain, waliwapa viongozi wa Wazayuni wazo la kuhamishia Wayahudi Afrika Mashariki. Unaitwa Mpango wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ilikuwa nyanda za Uasin Gishu. Ndiyo, pande za Eldoret. Mkutano wa Basel, Uswisi, mwaka huo ulipiga kura kutuma watu waje kuangalia. Mkutano wa 1905 ukakataa. Na unajua nani alikuwa anaunga mkono mpango huo gazetini kwake? Ben-Yehuda mwenyewe. Ina maana kulikuwa na uwezekano, mdogo lakini wa kweli, kwamba lugha hii ingekulia Bonde la Ufa. Sasa angalia kitu kimoja: katika mjadala huo wote wa London na Basel, hakuna aliyewauliza Wamaasai na Wanandi. Mwaka ule ule wa 1905 ndio Koitalel arap Samoei aliuawa akiongoza Wanandi dhidi ya Waingereza. Ardhi ilikuwa inagawanywa kama keki na wenyewe wamesimama mlangoni.

Na hilo linanileta kwa bei. Siwezi kuandika hii makala kama tangazo. Palestina nayo ilikuwa na wenyewe. Kiarabu kilikuwa lugha ya watu wengi wa nchi hiyo wakati Kiebrania kinakua. Chini ya Waingereza, mwaka wa 1922, Kiingereza, Kiarabu na Kiebrania vyote vilikuwa lugha rasmi. Vita vya 1948 viliwaacha Wapalestina takriban 700,000 bila makao yao. Na mwaka wa 2018 sheria mpya ya Israeli ilikiondoa Kiarabu kwenye urasmi kikapewa kile walichokiita hadhi maalum. Mafanikio ya lugha moja yalitembea pamoja na msiba wa watu wengine, na mtu akikusimulia la kwanza bila la pili, anakuuzia nusu.

Hata kati ya Wayahudi wenyewe kulikuwa na waliosukumwa kando. Mwaka wa 1923 wanafunzi wa Gymnasia Herzliya walianzisha kikosi cha kutetea lugha, na kikosi hicho kilizunguka kikiwakemea watu walioongea Kiyidi barabarani. Kiyidi, lugha ambayo mama zao na nyanya zao waliwaimbia wakilala! Mwaka wa 1927 kulipotokea pendekezo la kuanzisha masomo ya Kiyidi kwenye Chuo Kikuu cha Kiebrania, fujo iliyozuka ilitosha kulizima. Idara ya Kiyidi ilifunguliwa mwaka wa 1951, wakati mamilioni ya wasemaji wake walikuwa wameuawa Ulaya na Wanazi. Walitaka kulinda mche mmoja wakang'oa shamba la jirani.

Sisi hatuna haki ya kuwaangalia kwa mshangao. Wazee wetu wamevalishwa kile kibao shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya mama shuleni, na kuna shule ambazo bado zinafanya hivyo kwa njia nyingine. Mtu akisema tukuze Kiswahili, wa kwanza kushikwa mashati ni Kikamba, Kiluhya, Kigiriama na Sheng. Eti Sheng ndio inaua Kiswahili. Manze, Sheng haijawahi kufunga idara yoyote ya fizikia.

Hebu tuangalie hali yetu bila kupambana. Katiba ya 2010, kwenye kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kimekuwa cha lazima na cha kutahiniwa tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka wa 1985. UNESCO imekitengea siku yake, tarehe 7 Julai, na hutaja wasemaji zaidi ya milioni 200. Kiebrania leo kina kama milioni 9. Sasa niambie, kati ya hizo lugha mbili, ni ipi unaweza kusomea uhandisi kuanzia mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho? Hapo ndipo huniuma. Hata maneno tunayo: watoto wa Tanzania wanajifunza usanisinuru darasani, sisi tunajifunza jambo lile lile kwa Kiingereza halafu tunacheka neno lao. Kiswahili kwetu kimekuwa kile Kiebrania kilikuwa Harvard. Tunakisoma, tunakipita, tunakiheshimu, tunakiweka kabatini.

Wapo waliojaribu kutikisa. Mwaka wa 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai chuo cha Nairobi kiache kuifanya fasihi ya Kiingereza kuwa kitovu cha kila kitu, na masomo yakabadilika kweli. Lakini hiyo ilikuwa fasihi. Maabara hazikuguswa.

Maoni yangu ni haya. Wengi wanaopigania Kiswahili wanaanzia juu: tamko la serikali, kongamano, siku ya kusherehekea. Historia ya Kiebrania inaonyesha ngazi ikipandwa kutoka chini. Shule ya kijiji 1886, sekondari 1905, mgomo 1913, chuo 1924. Ni miaka 38, na kwa kila hatua kulikuwa na mwalimu asiye na kitabu aliyeamua kufundisha hivyo hivyo. Chuo kilikuja mwisho kwa sababu chuo ni paa, na paa halijengwi hewani. Na tukijenga yetu, tujenge na vyumba vya lugha zote zilizotulea, ili tusije tukaanzisha idara ya lugha ya nyanya zetu baada ya kuwazika.

Hatuhitaji kungoja waziri kwa hili. Wewe unayesoma udaktari, eleza shinikizo la damu kwa Kiswahili ambacho mgonjwa wa Kibra ataelewa, na uone ni maneno mangapi tayari unayo. Wewe wa kompyuta, mfundishe mdogo wako kuandika programu yake ya kwanza bila kuhamia Kiingereza kila sentensi ya pili. Neno likikosekana, litunge. Likikataliwa, watu watatunga lingine; Ben-Yehuda mwenyewe alishindwa na nyanya. Mimi nimeanza na mada ambayo ilinitesa kidato cha tatu, ile ya moli kwenye kemia, na video ya kwanza iko karibu kuisha. Kuna maneno manne yananisumbua. Nitayaleta hapa, mniambie nyinyi mnayaitaje.